Gari inanuka petroli ndani: jinsi ya kutafuta inapotokea na kuimaliza

Pasaka ya mwaka juzi tulikuwa tunatoka Morogoro kwenda Iringa, mimi na wanangu watatu na mama yangu mzazi, gari ni esiyuvi ya Kijapani ya petroli, sisi 2000, ile ya kifamilia ya kawaida kabisa. Tukajaza full tanki Mikumi, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni tukaweka kwenye buti, safari ikaendelea. Tulipoanza kupanda Kitonga mwanangu wa mwisho ambaye alikuwa na miaka sita akasema mama kichwa kinauma, humu kunanuka pikipiki. Mama yangu akasema ni vitunguu hivyo. Mimi nilikuwa naisikia kwa mbali tu, nikaona si kitu, nikaendelea kupanda vioo vimefungwa na AC inapuliza. Ilula tukashuka kunyoosha miguu, na niliporudi kufungua mlango wa nyuma harufu ya petroli ikanipiga usoni mpaka nikarudi nyuma hatua mbili. Watoto wangu walikuwa wamekaa kwenye hiyo harufu muda wote ule, tena juu ya tanki kabisa.

Nilichojifunza kuanzia siku ile nakiandika hapa chote kwa mpangilio, maana nimeona watu wengi wakisikia harufu wananunua pafyumu ya gari, au wanampa fundi hela abadilishe pampu, alafu abadilishe filta, alafu nozeli (vile vidude vinavyopulizia petroli kwenye injini), na harufu bado ipo. Harufu ni petroli iliyotoka mahali pake, kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kujua inatokea wapi, kununua kitu kunafuata baadae.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

Petroli yenyewe sio inayowaka kirahisi, ni mvuke wake, na mvuke huo unatosha kushika moto hewani ukifika kama asilimia 1.4 tu. Ni mzito kuliko hewa mara tatu mpaka nne, kwahiyo haupandi juu ukapotea, unashuka unakaa sakafuni, chini ya siti, kwenye buti, kwenye shimo la gereji. Baridi nayo haikusaidii, petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa sisi huku na joto letu sijui niseme nini. Pia ndani yake kuna benzini, ambayo inajulikana kusababisha kansa ya damu kwa mtu anayeivuta kwa muda mrefu, na mtoto anayepelekwa shule kila siku kwenye gari inayonuka anaivuta asubuhi na jioni.

Kwahiyo ukiona matone chini ya gari, au ukifungua boneti ukakuta pamelowa mafuta, zima, toa watu wote wakae mbali, usiwashe tena hata kwa dakika moja ya "kuisogeza", ita brekidauni. Kama ni harufu bila matone unaweza kuchunguza mwenyewe, ila gari iwe nje penye upepo, imepoa, hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa la mama ntilie pembeni, na ule mtungi wa kuzimia moto tunaoubeba kwa ajili ya trafiki utoe uuweke chini karibu na mkono, hakikisha mshale upo kwenye kijani. Maji usiyategemee, moto wa petroli ukiumwagia maji unasambaa. Tochi iwe ya LED, sio ile taa ya balbu ya waya ya gereji, balbu ikipasuka kwenye mvuke imekwisha.

HATUA YA 1: TAFUTA PUA NYINGINE

Pua inazoea harufu ndani ya dakika chache tu, dereva anakuwa mtu wa mwisho kujua. Acha gari imefungwa vioo usiku kucha, asubuhi mwite mtu ambaye hajaingia humo, fungua mlango mmoja mmoja, mwambie aseme wapi ni kali zaidi: mbele miguuni, siti ya nyuma, au buti. Mtoto ni mzuri sana kwa kazi hii, kwa mlangoni tu, asiingie kukaa. Na hapohapo toa kila kitu kwenye buti. Mara nyingine ni dumu la petroli ya jenereta lililomwagika kidogo wiki iliyopita, au tambara la fundi limesahaulika chini ya spea tairi, na kapeti limekunywa. Kama ni hivyo una bahati, ruka mpaka mwisho nilipoandika kuhusu kapeti.

Tofautisha pia harufu ya petroli mbichi na harufu ya moshi. Moshi unachoma macho na unakuja injini ikiwa inaunguruma, unaingilia mlango wa buti usiofunga vizuri au eksozi iliyotoboka. Huo una sumu ya kaboni monoksaidi inayoua bila mtu kujua, kwahiyo nao usiuchekee, ila tiba yake ni nyingine.

HATUA YA 2: JIULIZE INANUKA WAKATI GANI

Hapa ndipo penye jibu, mi naona nusu ya kazi yote ipo hapa, na ni bure.

Ikinuka zaidi ukishajaza full tanki alafu ikapotea mafuta yakifika nusu, tatizo lipo juu ya tanki au kwenye shingo ya kujazia, kwa sababu mafuta yakishuka hayafiki tena kwenye ule upenyo. Na ikizidi ukipanda mlima au ukikata kona ndio kabisa, mafuta yanabembea yanagonga juu. Kwangu ilikuwa hivi, full tanki ya Mikumi na mwinuko wa Kitonga, gari ilikuwa inaniambia kila kitu, mimi ndio sikujua kusikiliza.

Ikinuka asubuhi tu ukiwasha, dakika tano alafu basi, angalia chini ya boneti: mipira ya mafuta na oringi za nozeli, zile pete za mpira za kuzibia. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu, kwenye baridi unasinyaa unaachia kidogo, injini ikipata joto unatanuka unaziba. Watu wa Njombe, Makete na Mbeya mwezi wa sita na wa saba wanaijua sana hii. Usiseme imejiziba basi imepona, huo mpira upo njiani kupasuka na chini yake kuna eksozi ya moto.

Ikinuka ukishapaki baada ya safari ndefu, inaweza kuwa ni mvuke wa tanki unatoka kwenye kanista ya mkaa (kopo la kunyonya mvuke, nalieleza hatua ya 3) au mfuniko wa tanki.

Alafu kuna jaribio la AC. Washa feni, weka kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani, yani hewa ya nje isiingie. Endesha dakika kumi. Alafu kizime, hewa iingie toka nje. Kama harufu inakuja pale tu hewa ya nje inapoingia, inatokea mbele, maana hewa ya kabini inavutwa chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti kabisa. Kama inanuka vilevile au inazidi ukiwa umefunga hewa ya nje, chanzo kipo nyuma, chini ya siti au kwenye buti.

HATUA YA 3: VYA RAHISI KWANZA

Mfuniko wa tanki: angalia mpira wake, ukiwa umepasukapasuka au umekuwa bapa badilisha mfuniko mzima, na uwe wa gari yako, sio wa kufanana. Ufunge mpaka ulie tak-tak. Ingiza tochi uangalie shingo ya kujazia, ile ya chuma inaoza kwa kutu hasa gari zilizokaa pwani, na mpira mnene unaoiunganisha na tanki unachanika upande wa chini ambapo huuoni mpaka ulale chini ya gari na kuvua tairi la nyuma. Alama ya petroli chini ya gari ni rahisi kuijua: gari zetu zina vumbi, sasa petroli ikipita inaosha vumbi inaacha mchirizi mweusi au doa la rangi ya chai.

Na hii tabia ya sheli, pampu inakata tak alafu unamwambia kijana ongeza ifike elfu sabini kamili, tuiache. Ile nafasi inayobaki juu ni ya mvuke. Ukiilazimisha, petroli inasukumwa mpaka kwenye kanista, ni kopo lenye mkaa maalum wa kunyonya mvuke, likilowa petroli halinyonyi tena na linanuka kila siku. Dalili yake nyingine ni gari kugoma kuwaka vizuri ukitoka tu kujaza mafuta. Hapo pia pima ile valvu ndogo iliyopo karibu na manifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) inayopitisha mvuke kwenda injini, ichomoe, puliza kwa mdomo ukiweka tambara safi: bila umeme haitakiwi kupitisha hewa. Ikipitisha imekwama wazi.

Mashine ya kupima gari inaweza kukuonyesha kodi (namba ya kosa) P0442 au P0455 ambazo ni uvujaji wa mvuke, mdogo na mkubwa. Ila gari nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hazijipimi uvujaji huo kabisa, kwahiyo fundi akikwambia "mashine imesema hakuna kosa" usirudi nyumbani umeridhika.

HATUA YA 4: CHINI YA BONETI

Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, geuza ufunguo mpaka on bila kuwasha, utasikia pampu inanguruma sekunde mbili, zima, rudia mara tatu nne. Sasa mfumo una presha, kwenye gari nyingi za nozeli ni kama ba 3 mpaka 3.5 (ba ni kipimo cha presha), sio mchezo. Chukua tishu nyeupe kavu, pitisha kwenye kila kiungio, unapoingia mpira kwenye reli (lile bomba linalogawa petroli kwa nozeli), kwenye kila nozeli juu na chini, kwenye filta kama ipo nje, na kila baada ya kiungio kimoja nusa tishu. Jicho linaweza lisione unyevu ila tishu inaongea. Vuta stiki ya oili pia unuse, oili ikinuka petroli na kiwango kimepanda ujue nozeli inavujia ndani au plagi moja haichomi, na hiyo oili imwage mara ukishatengeneza kwa sababu haina ulainisho tena.

Mpira wa kubadilisha uwe wa injekta, yani wa gari za nozeli, umeandikwa SAE J30 R9. Ule wa R7 ni wa presha ndogo kama ya kabureta, na ule mpira wa bomba la gesi au wa maji usikubali hata fundi akiapa. Klipu nazo ziwe zile za mkanda laini ndani, zile zenye matundu ya kukazia kwa bisibisi zinauma mpira mpaka zinaukata.

HATUA YA 5: CHINI YA SITI YA NYUMA

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo ilipokuwa shida yangu na nadhani ndipo ilipo shida ya wengi, hasa kama gari iliwahi kubadilishwa pampu ya mafuta. Yangu ilibadilishwa miezi miwili kabla ya Pasaka na fundi mmoja wa mtaani, sijawahi kufikiria kuunganisha hayo mambo mawili.

Nilikaa na mdogo wangu ambaye ni fundi, tukafanya hivi. Subiri tanki liwe chini ya nusu, robo ni nzuri zaidi. Punguza presha: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini iungurume mpaka ijizime yenyewe, piga selfu mara mbili tena, zima. Ndipo ufungue waya hasi wa betri. Milango yote wazi.

Nyanyua siti ya kukalia, nyingi zinashikwa na ndoano mbili mbele unavuta juu tu, rudisha kapeti, utakuta sahani ya chuma yenye skrubu nne hivi. Gari za magurudumu manne kuvuta mara nyingi zina sahani mbili, kwa sababu propela shafti (ule mhimili unaopeleka nguvu tairi za nyuma) inapita katikati na tanki limeumbwa kama tandiko la punda, kwahiyo kagua zote. Baadhi ya gari sahani ipo kwenye sakafu ya buti. Kabla ya kuifungua sahani nusa ukingoni, tayari utajua.

Ukiitoa utakuta vumbi la miaka kumi juu ya tanki. Lisafishe lote kwanza kwa brashi na tambara lenye unyevu, maana likiingia kwenye tanki ni kesi nyingine. Usitumie vakyum klina, nasisitiza, mota yake inatoa cheche na wewe unaivutia mvuke wa petroli, watu wameungua. Ukishasafisha angalia: pale panapovuja pana rangi ya kahawia inayonatanata, na plastiki ya pampu panapotoka paipu huwa inapata ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa na ufa, usigundishe gundi yoyote, badilisha kifuniko cha pampu chote.

Kwangu ufa haukuwepo. Mdogo wangu akabonyeza vile vidude viwili vya kiungio cha paipu, akasukuma kwanza ndani kidogo ndio akavuta, kikatoka. Akafungua ring kubwa inayokamata pampu, kwa kipande cha mbao na nyundo kidogo kidogo, chuma kwa chuma hapana. Nyingine hazina ring zina bolti ndogo kuzunguka. Weka alama ya pentamaka kabla hujafungua ili irudi ilivyokaa. Akanyanyua pampu kidogo akasema dada njoo uone.

Oringi ilikuwa ya zamani. Ile ileile iliyotoka na gari, fundi wa kwanza aliirudisha, na sehemu moja ilikuwa imekunjwa, imebinywa nje ya mfereji wake kama ulimi. Akanieleza kitu ambacho sikukijua: oringi ikishakaa kwenye petroli miaka inanywa, ukiitoa inatanuka inakuwa kubwa kuliko mfereji, hairudi. Fundi akiona hivyo ana njia mbili, anunue mpya au ailazimishe, na wengi wanailazimisha kwa sababu dukani hakuna na mteja anasubiri. Wengine wanapaka silikoni ya gasketi juu yake, petroli inaila ile silikoni inakuwa kama uji na vipande vinaenda kuziba nyavu ya pampu. Kwahiyo ukibadilisha pampu yoyote, oringi mpya ni lazima, sio hiari, iwe ya gari yako au ya mpira unaovumilia petroli, na muombe fundi akuonyeshe ya zamani mkononi. Yangu ilinigharimu elfu kumi na tano na siku mbili za kusubiri itoke Dar. Hizo siku mbili tundu tulilifunika, gari ikakaa nje bila kuguswa.

Kuirudisha: futa mfereji wa tanki ukauke, oringi ikae kwanza kwenye mfereji yenyewe, ipapase kwa kidole mzunguko mzima. Ingiza pampu taratibu ukiinamisha, ule mkono wenye boya la geji usiupinde maana geji itakudanganya mpaka siku uishiwe mafuta njiani. Ibonyeze kwa mikono miwili sawasawa wakati mwingine anakaza ring. Kama ni bolti, kaza kwa kuvuka, hii alafu ya upande wa pili, kidogo kidogo. Kiungio cha paipu kisukume mpaka kilie tik, alafu kivute kwa nguvu kidogo uone hakitoki.

HATUA YA 6: USIFUNGE SITI BADO

Rudisha fyuzi na betri, on-off mara nne, tishu kavu. Washa dakika kumi, tishu tena. Ndipo uende sheli ujaze, pampu ikikata umeacha, alafu utafute mlima. Mimi nilipanda barabara ya kuelekea Morningside hadi lami ilipoisha, nikapaki pua ikiwa juu, nikafungua sahani, tishu kavu, pua kavu. Sahani yenyewe ikirudi iwe na mpira au ile gundi nyeusi yake, isiachwe tupu, ndiyo inayozuia vumbi na mvuke kuingia ndani.

KAPETI

Petroli ikishaingia kwenye sponji iliyo chini ya kapeti itanuka hata kama uvujaji umeisha, na utadhani umeshindwa. Toa siti, nyanyua kapeti, weka juani siku mbili tatu milango wazi, nyunyiza magadi ya kupikia ya unga (beking soda) uache usiku kisha ukung'ute nje kwa brashi, na bakuli la mkaa mkavu usiowashwa kwenye buti linasaidia. Sponji iliyolowa chapachapa kata hicho kipande utupe. Pafyumu usiweke mpaka upite mwezi mzima, unahitaji pua yako iwe huru kukwambia kama kuna kitu kimerudi.

Mwenye dizeli, baadhi ya hatua hizi zinakufaa, ila kwako angalia sana vile vipaipu vyembamba vya kurudisha mafuta juu ya nozeli, dizeli haikauki haraka kwahiyo utaiona imelowesha injini.

Baada ya wiki mbili nilinyanyua siti tena nikapitisha tishu, ilikuwa kavu. Kisha nikafunga vioo usiku, na asubuhi nikamwita yule mwanangu wa mwisho asimame mlangoni. Akanusa akasema kunanuka vitunguu.